Mwindo na Wale Wanaokataa Kufa



Wanafunzi wa darasa la mwisho, wale tunaita wafinalisti, walinipa swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile ile. Tulikuwa tunasoma habari ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale. Mbele ya hapo nilikuwa nimewaeleza juu ya wataalamu wa Ulaya na Amerika wanaotafuta kuongeza nguvu za mwili kwa mashini na kurefusha maisha bila mwisho. Kijana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, huyu Mwindo alizaliwaka anatembea, anasema, alivalaka chuma, alifufuaka wafu. Sasa si ni vile bale bazungu banatafuta kuwa? Njo kusema sisi tulikuwaka ba kwanza!" Darasa lote likapiga makofi. Na mimi nilifurahi, sitaficha. Nani hapendi kusikia kwamba wazee wake walitangulia?

Lakini nilipofika nyumbani furaha ile ikanipungukia. Nilikamata tena kitabu, nikakisoma pole pole tangu mwanzo, na nikaona kwamba kijana yule alikuwa na wazo zuri ila alikosea mtu. Ndani ya kisa kile kuko kweli mtu anayefanana na wale wanaokataa kufa. Mtu huyo hapana Mwindo. Maandiko haya ni jibu langu kwake, na pia kwa wazee na vijana wa chama chetu ambao hurudilia maneno kama yake kila mara tunapokutana.

1. Watu hawa ni nani, na wanataka nini?

Mafundisho yenyewe yanaitwa transumanizimu, ndiyo kusema mafundisho ya kumvusha mwanadamu mipaka aliyozaliwa nayo. Neno hilo lilipata kujulikana kwa njia ya Julian Huxley, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, ambaye alikuwa pia mkubwa wa kwanza wa UNESCO. Mwaka 1957 alitoa andiko fupi lenye jina hilo. Aliandika kwamba mwanadamu anaweza kujipita mwenyewe, na kwamba jambo hilo lisiwe la mtu mmoja hapa na mwingine kule, liwe la wanadamu wote pamoja. Tuweke neno hilo moyoni, tutalirudilia.

Walioshika mafundisho nyuma yake walikwenda mbali zaidi. Mwandishi mmoja wa asili ya Iran aliyeishi Marekani, Fereidoun Esfandiary, alibadilisha jina akajiita FM-2030, kwa sababu alizaliwa mwaka 1930 na alitumaini kutimiza miaka 100 mwaka 2030. Kansa ikamkamata, akafa mwaka 2000. Mwili wake uligandishwa katika baridi kali huko Arizona, ukingojea siku ambayo wataalamu watajua kuuamsha. Mwingine, Ray Kurzweil, alitoa kitabu mwaka 2005 akitangaza kwamba karibu na mwaka 2045 akili ya mtu na akili ya mashini zitaungana. Na tajiri mmoja wa Marekani, Bryan Johnson, amesema wazi kwamba anatumia karibu dola milioni 2 kila mwaka ili mwili wake usizeeke. Mwaka 2023 alitiwa maji ya damu yaliyotolewa katika mwili wa mtoto wake mwenyewe, kijana wa miaka 17. Nyuma yake alisema hakuona faida, akaacha.

Baba anayekunywa ujana wa mtoto wake. Hapo ndipo nilifunga habari za Wazungu, nikafungua tena za Wanyanga.

2. Kisa chenyewe

Kwa wale ambao hawakupata bahati ya kukisoma: mwaka 1956, mwaka mmoja mbele ya andiko la Huxley, mzee mmoja wa Kinyanga jina lake Candi Rureke, aliyekuwa na cheo cha Shé-Kárisi, yaani bwana wa kisa kikubwa, aliimba na kusimulia habari ya Mwindo kwa muda wa siku 12. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila kutoka Ubelgiji, aliandika, na wasomi wa Kinyanga wakamsaidia. Mmoja wao, Kahombo Mateene, alitafsiri pamoja naye. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969.

Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, anaoa wake saba. Halafu anatoa amri: wote wazae wasichana tu, na mtoto mwanaume akizaliwa atauawa. Mke wake mpendwa anamzaa Mwindo, ambaye anatokea kwa kidole cha kati cha mkono wa mama yake, akiwa anatembea na kusema, na usinga wake mkononi. Usinga ule Wanyanga wanauita conga. Baba anamtupia mkuki, haumpati. Anamzika, anafufuka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, ngoma inaelea. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka wa maji. Kisha anarudi kumtafuta baba yake. Tubondo inaangamizwa kwa moto wa Nkuba, mwenye radi. Shemwindo anakimbilia chini ya udongo, Mwindo anamfuata mpaka kwa wakubwa wa kule chini. Mwishoni anamrudisha juu, na watu waliokufa wanafufuliwa.

3. Ni nani anayekataa kufa?

Turudi sasa kwa swali la mwanafunzi. Mwindo ana nguvu kupita watu, ndiyo. Lakini hakuna pahali katika kisa anapotafuta kuishi milele. Anayetaka hivyo ni baba yake.

Tuangalie amri ya Shemwindo vizuri. Mzee Rureke hasemi sababu yake waziwazi, na wasomaji wengine wamefikiri juu ya mahari: wasichana wanaleta mali. Inawezekana. Lakini kwetu, mahali ambapo ufalme unashuka kwa mtoto, mkubwa anayesema "nisizaliwe mwanaume" ni mkubwa anayesema "nisipate wa kunifuata." Mtoto mwanaume ndiye atakayeketi pahali pangu siku nikikufa. Kwa hiyo, kumuua mtoto ni kuiua ile siku. Mimi nasoma kwamba Shemwindo alitaka kuketi kwenye kiti bila mwisho, na aliona wazi kwamba kifo chake kitamfikia kwa mlango wa uzazi.

Ndiyo maana habari ya tajiri yule na maji ya damu ya mtoto wake ilinishtua. Sisemi yeye ni muuaji. Mtoto alikubali, na hakuna aliyeumia. Lakini mwenendo ni ule ule: mzee anaangalia ujana wa mtoto wake kama kitu kinachoweza kumrudilia yeye. Wazee wetu waliona mambo kwa upande mwingine. Maji ya mto hayapandi mlima. Baba anamwaga kwa mtoto, mtoto kwa mjukuu.

Na Shemwindo alipata nini? Alipoona kijiji kinawaka, alikimbia peke yake, watu wake wakafa nyuma yake. Alipona kweli, lakini aliishi shimoni, akihama kwa mkubwa huyu na huyu, bila mke, bila baraza, bila mtoto wa kumletea maji. Nikiwaza juu ya ile miili inayongoja ndani ya baridi huko Arizona, ninajiuliza kama haijafika kijiji kile kile.

4. Nguvu ya Mwindo ilikuwa na wenyewe

Mtu ataniambia: "Mwalimu, hata hivyo Mwindo alivalishwa chuma!" Ni kweli, na hapa ndipo uzuri wa kisa. Tuulize kila nguvu ilitoka wapi na ilifanya kazi gani.

Chuma kilitoka kwa wajomba wake, Baniyana, ambao walikuwa wahunzi. Walimfulia viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati na kofia ya chuma. Mwindo hakununua nguvu zake sokoni. Alipewa na ukoo wa mama, na wajomba walewale walimfuata vitani na kufia pale, mpaka yeye akawafufua. Deni lililipwa.

Halafu kuko kamba. Alipotaka kushuka chini ya udongo, Mwindo alimpa shangazi yake Iyangura ncha ya kamba, akamwambia aishike mkononi. Siku kamba itakapotulia bila kutikisika, ajue kwamba mtoto wake amekufa. Tuwaze kidogo. Kijana aliyeshinda mkuki, kaburi na mto anahitaji shangazi wa kumshikia kamba! Na kweli, mkubwa Muisa alipompiga akaanguka, kamba ilitulia, na Iyangura alilia kule juu. Mwindo anakubali kwamba anaweza kufa, na anataka mtu wa kujua.

Halafu conga. Kazi ya kwanza anayoifanya kule chini ni kumponya Kahindo, binti wa Muisa, ambaye mwili wake ulikuwa umejaa vidonda vya buba, akamwacha mzima. Na aliporudi Tubondo akafufua wafu, kila mmoja aliamka namna alivyokuwa siku ya kufa: aliyekufa akisonga ugali aliamka akisonga, aliyekufa na mimba aliamka na mimba yake. Wanafunzi wanachekaka sana hapo, na mzee Rureke bila shaka alitaka wacheke. Lakini ndani ya kicheko kuko somo. Mwindo alikuwa na uwezo wa kufufua, na hakugeuza mtu hata mmoja kuwa mrefu zaidi, mwenye akili zaidi, au mwenye kufanana na yeye. Alirudisha kila mtu kwa kazi yake.

Mwisho ni Nkuba. Mwindo alipokuwa mkubwa aliua joka la vichwa saba, Kirimu, lililowameza wawindaji wake. Kumbe Kirimu na Nkuba walikuwa wamekula kiapo cha damu. Nkuba akamnyakua mpaka juu mbinguni, akakaa mwaka mzima akiteswa na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota. Majivuno yake hayakufaa kitu. Aliporudi, alikuwa amekatazwa kuua nyama yoyote, hata mdudu. Na katika sheria alizowapa watu wake nyuma ya hapo, kuko mbili ambazo kila mwalimu angepaswa kuziandika juu ya ubao: wasimcheke kilema anayepita kijijini, na wazae watoto warefu na wafupi.

Warefu na wafupi! Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadilisha mbegu za urithi za watoto mapacha mbele ya kuzaliwa. Inchi yake ilimfunga gerezani miaka mitatu. Kuko wengine leo ambao wanatamani siku ya kuchagua mtoto kama mtu anavyochagua kitambaa. Mwindo, aliyezaliwa mkamilifu kupita wote, ndiye anayesema tusichague.

5. Na sisi, tuko safi?

Sasa niseme neno ambalo labda halitawapendeza wote. Tukisoma namna hii, tusidhani kwamba mila zetu ziliponyesha watu wote na tamaa hii. Huku kwetu pia tumetafuta mwili usioingiwa na kifo. Mwaka 1964 Wasimba walipewa dawa ili risasi zigeuke maji. Tangu miaka ya 1990, wapiganaji wa Mai-Mai katika Kivu wamechukua jina lao kwa maji yale yale. Na mbali na sisi, katika Tanganyika, vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 vilikuwa na imani ya namna ile.

Wanaotetea dawa ile wanasema ilikuwa na miiko: usiibe, usiguse mwanamke, usile hiki na kile. Nakubali kwamba muiko ni kitu kikubwa. Unamkumbusha mwenye nguvu kwamba nguvu si yake. Katika matangazo ya wanaouza maisha marefu sijaona muiko hata mmoja, isipokuwa ule wa sukari na pombe. Lakini tuseme ukweli wote. Vijana walikufa. Kila mara kijana alipoanguka, wakubwa walisema: "Alivunjaka muiko." Kosa likarudi juu ya maiti, na dawa ikabaki safi. Mimi nimefundisha watoto ambao waliacha daftari juu ya meza wakaenda msituni kunyunyiziwa maji yale. Kuko madawati yaliyobaki wazi. Basi tusiwacheke Wazungu na baridi yao. Sisi tulikuwa na maji.

Kwa hiyo kusema "sisi tulikuwaka ba kwanza" ni kujivuna kwa kitu ambacho kingetupasa kukililia.

6. Kamba iko mkononi mwa nani?

Wengine watauliza: "Unataka tukatae miwani? Tukatae chanjo?" Hapana. Chanjo yenyewe inaupa mwili nguvu ambayo haukuzaliwa nayo, na hakuna mama wa hapa anayeilalamikia. Sipimi ufundi kwa kuuliza kama unaponya tu ao unaongeza. Mpaka huo hauonekani vizuri, hata kwa Mwindo. Napima kwa kamba: nani amekupa nguvu, unamrudishia nini, na nani ataweza kukuambia "simama"?

Tuchukue mfano ulio karibu. Katika familia zetu nyingi kuko mtoto wa SS, ule ugonjwa wa damu unaovunja mifupa kwa maumivu. Inchi yetu ni kati ya zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Mwisho wa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani zilikubali dawa mpya: wanatoa chembe mama za damu katika mwili wa mgonjwa, wanazitengeneza, wanamrudishia. Hii ni conga kweli, Kahindo anaponyeshwa. Lakini huko Marekani bei ilitangazwa kuwa dola milioni 2 na laki 2 kwa mgonjwa mmoja. Fedha ambayo tajiri mmoja anatumia kwa mwaka ili asizeeke ni karibu sawa na ile ya kumponyesha mtoto mmoja wa SS. Sisemi fedha yake ni yetu. Nasema tu kwamba Huxley aliandika "wanadamu wote", na kwamba watu wengi walioshika neno lake wamesahau nusu ile.

Na chuma? Wahunzi wa leo ni akina nani? Ndani ya koltani inatoka tantalamu, ambayo inaingia katika simu, na pia katika vile vyombo vidogo vinavyopandikizwa kifuani ili kuushtua moyo unaokosa mwendo. Ndani ya kasiterite inatoka bati, inayounganisha nyaya za kila mashini ya namna hiyo. Koltani inachimbwa Rubaya, katika Masisi. Kasiterite inachimbwa Bisie, katika Walikale, inchi ya Mwindo mwenyewe! Mwaka 2024 machimbo ya Rubaya yalikamatwa na M23, na mwaka 2025 vita vilifika mpaka Walikale-senta. Kwa hiyo, mtu wa mbali akivaa chuma chake ili aishi zaidi, wajomba waliomchimbia chuma wako huku, ndani ya mashimo, na wanakufa vijana. Tofauti ni kwamba Mwindo aliwajua wajomba zake kwa majina, na alipowaona wamekufa alisimama, akawafufua kwanza wao. Mvaaji wa leo hajui hata kwamba ana wajomba.

7. Kwa kumaliza

Mzee Rureke hakumaliza kisa kwa kifo cha Shemwindo. Angeweza, na wasikilizaji wangepiga makofi. Alimrudisha mbele ya baraza, akakiri makosa yake wazi, kisha akamvalisha mtoto wake vitu vya ufalme kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya kukimbia kifo mpaka chini ya udongo, aliishi tena kwa kutoa. Ni mwisho mwema ambao ningemtakia kila mtu anayeogopa kuzeeka, hata yule tajiri, hata mimi, maana nywele zangu nazo zimeanza kugeuka.

Juma lililofuata nilirudi darasani na kumwambia kijana yule: "Mwindo si yule wanayetafuta kuwa. Wanayefanana naye ni baba yake." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi, mwalimu, nani atabashikia kamba?"

Swali hilo nalileta mbele yenu, wasomaji wapenzi. Pengine wazee wa Walikale wanaokijua kisa kuliko mimi watatusaidia kulijibu katika kijitabu kijacho.